Maswali ya Wasomaji: Panya Hugusaje Gizani?

Katika toleo lililotangulia niliandika mistari michache kuhusu panya wanavyotembea gizani wakitegemea sharubu zaidi kuliko macho. Mistari hiyo imeleta barua nyingi kutoka pande zote za mji. Wengi waliuliza namna ya kuwaangamiza panya, na barua hizo nimempelekea mwenzangu wa ukurasa wa afya ya nyumbani. Hapa ninajibu nne zilizouliza juu ya mguso wenyewe na juu ya ubongo unaoupokea.

*Assalamu alaikum, Mwalimu. Mimi ni karani wa godauni la nafaka huku Shimanzi. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikawasha tochi, nikamwona panya akikimbia kando ya ukuta. Alipofika kwenye mwanya mwembamba baina ya magunia alisita, sharubu zikimtetemeka, kisha akapenya. Magunia yale tulikuwa tumeyapanga upya jioni ile ile, kwa hiyo hakuwa akifuata njia aliyoizoea. Alijuaje kwamba mwili wake ungepita? — Karani, Shimanzi*

Waalaikumu salaam, Bwana Karani. Umeona kwa tochi jambo ambalo wataalamu hulitazama kwa kamera za kasi, na umelieleza kwa mpangilio wake: alisita, sharubu zikatetemeka, ndipo akapenya. Kule kusita ndiko kulikokuwa kupima.

Sharubu yenyewe ni unywele usio na uhai wala neva, sawa na unywele wa kichwani mwako. Hisia iko kwenye shina lake, ndani ya kifuko cha ngozi kilichozungukwa na damu, ambamo kila sharubu kubwa huzungukwa na miisho ya nyuzi za neva zaidi ya 100. Ncha ya sharubu inapogusa gunia, unywele hupinda, mpindo hufika shinani, na utando wa miisho ile ya neva hunyooshwa. Katika utando huo mna protini iitwayo Piezo2, ambayo ikinyooshwa hufungua njia ya kupitisha chembe zenye chaji, na hapo ndipo mguso unapogeuka kuwa ishara ya umeme. Protini za jamii hiyo zilitambuliwa mwaka 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi Marekani, ambaye mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na David Julius.

Kutetemeka ulikokuona hakukuwa hofu. Panya anapochunguza mahali huzipeleka sharubu mbele na kuzirudisha nyuma mara 5 hadi 15 kwa sekunde, na mwendo huo huenda sambamba na kunusa kwake. Mwaka 2013 kundi la David Kleinfeld huko San Diego lilionyesha kwamba mapigo ya sharubu hufungamanishwa na mapigo ya pumzi ndani ya shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, kiasi kwamba kila pumzi ya kunusa huja na msukumo wake wa sharubu. Panya wako basi alikuwa akinusa na kupapasa kwa pamoja.

Ishara kutoka shina la sharubu hupita kwenye neva ya tano ya kichwa hadi shina la ubongo, huvuka kwenda upande wa pili, hupanda mpaka thalamasi iliyo katikati ya ubongo, kisha hufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Safari hiyo yote huchukua takriban milisekunde 10. Jambo linalonistaajabisha kila ninapolisoma ni kwamba katika kila kituo cha njia hiyo mpangilio wa sharubu usoni haupotei. Sharubu kubwa za shavu moja zimepangwa katika safu tano, na safu hizo hizo tano zinaonekana katika makundi ya seli kwenye shina la ubongo, zinaonekana tena kwenye thalamasi, na zinaonekana kwa mara nyingine kwenye gamba. Mwaka 1970 Thomas Woolsey na Hendrik Van der Loos waliyaeleza makundi hayo katika gamba la ubongo wa panya mdogo (aina ndogo ya panya, si panya mchanga), na kwa umbo lake wakayaita mapipa. Kila sharubu kubwa ina pipa lake. Ukivitazama chini ya hadubini vipande vya gamba vilivyotiwa rangi, unaweza kuhesabu safu na kusema pipa hili ni la sharubu ipi.

Sasa mwanya wako. Sharubu za kushoto hupeleka habari upande wa kulia wa ubongo, na za kulia hupeleka upande wa kushoto, lakini upana wa mwanya haujulikani kwa upande mmoja peke yake; ni lazima pande mbili zilinganishwe. Mwaka 2001 kundi la Miguel Nicolelis katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilieleza panya waliofunzwa kutofautisha gizani mlango mpana na mlango mwembamba kwa sharubu tu. Panya walijifunza vizuri sana, ila eneo la mapipa lilipozimwa kwa muda kwa dawa, uwezo wao ulishuka. Seli za mapipa ya upande mmoja ziligunduliwa pia kuitikia miguso ya sharubu za upande wa pili, kwa sababu nusu mbili za gamba huunganishwa na mkanda mnene wa nyuzi za neva unaopita katikati. Kwa hiyo, pale panya wako aliposita, nusu mbili za ubongo wake zilikuwa zikipeana habari kuhusu magunia yenu.

*Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Kisauni na ninasoma baiolojia mwaka wa pili chuoni. Mchoro wa kitabu chetu una mshale mmoja unaotoka kwenye ngozi, ukapita thalamasi, ukaishia kwenye eneo moja la gamba la ubongo, na maelezo yanasema kwamba hapo ndipo hisia ya mguso inapotokea. Je, sehemu nyingine za ubongo zina kazi gani katika mguso, na kwa nini eneo hilo moja lisitoshe? — Mwanafunzi, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Mchoro wako si wa uongo, lakini umeishia nusu ya kwanza ya jambo, na naona ni hasara kubwa kwamba vijana wetu wengi humaliza masomo wakidhani ubongo hupokea mguso kwa ukimya. Mguso wa panya ni swali linaloulizwa na ubongo kabla ya kuwa jibu linalopokelewa, na swali hilo haliwezi kuulizwa na eneo moja.

Anza na thalamasi. Kitabu chako kinaichora kama kituo kimoja, ilhali habari za sharubu hupita humo kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza hupita kwenye kiini, yaani kundi la seli za neva, ambacho kimehifadhi ramani ya sharubu kwa usahihi, na huishia hasa kwenye tabaka la nne la gamba, ndani ya mapipa. Njia ya pili hupita kwenye kiini cha jirani ambacho seli zake huitikia sharubu nyingi kwa pamoja. Nyuzi zake hukwepa mapipa, zikaenda kwenye matabaka ya juu kabisa na ya chini zaidi, na pia kwenye maeneo mengine ya gamba. Kiini hiki cha pili hupokea ujumbe mzito kutoka gambani kwenyewe. Yaani gamba huzungumza na thalamasi, kisha thalamasi hulijibu gamba, na nyuzi zinazoshuka kutoka gamba kwenda thalamasi ni nyingi kuliko zinazopanda. Mchoro wenye mshale mmoja hauwezi kukuonyesha jambo hilo hata uuchore kwa rangi nzuri namna gani.

Ukitoka kwenye mapipa, ishara haikai. Mwaka 2007 watafiti wa kundi la Carl Petersen huko Lausanne, Uswisi, walipaka gamba la panya rangi inayobadili mng'ao wake kadiri umeme wa seli unavyobadilika, wakapiga picha za haraka panya akiwa macho. Sharubu moja ilipoguswa, pipa lake liliwaka kwanza, kisha mwako ukaenea kwa majirani, na milisekunde chache baadaye eneo la mbele linalosimamia mwendo wa sharubu likawaka nalo. Kuguswa na kusogea, ambavyo vitabu huvitenga katika sura mbili, vilikuwa vimeunganishwa kabla hata panya hajafanya lolote.

Kundi hilo hilo mwaka 2010 lilitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Walipolichochea eneo la mwendo, sharubu zilipiga mbele kwa mapigo; walipolichochea eneo la mapipa, ambalo sote tulifundishwa kuwa ni la hisia tu, sharubu zilirudi nyuma. Eneo la hisia, basi, lina sauti katika mwendo. Nalo eneo la mwendo hupeleka nyuzi zake nyuma, kwenye tabaka la juu kabisa la eneo la mapipa, na nyuzi hizo hubeba habari za sharubu zinavyosogea. Fikiria umuhimu wake: sharubu ikigusa kitu, panya hawezi kujua kitu kiko wapi asipojua sharubu ilikuwa imefika wapi katika mwendo wake wakati wa kugusa. Mpindo ule ule shinani huwa na maana moja sharubu ikiwa mbele, na maana nyingine ikiwa nyuma. Mnunuzi wa leso pale Biashara Street hufanya jambo hilo hilo anaposugua kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada: akiweka vidole juu yake bila kuvisogeza, ataujua ubaridi na labda uzito, lakini pamba na nailoni hatazitofautisha kwa urahisi.

Uliuliza kwa nini eneo moja lisitoshe. Kuna majaribio matatu ambayo ningependa uyaweke kando kwa kando, kwa sababu kila moja peke yake linaweza kukupotosha.

La kwanza ni la Janelia, kituo cha utafiti kilichoko Virginia, Marekani, mwaka 2014, katika kundi la Karel Svoboda. Panya waligusa kijiti kwa sharubu, wakangojea kidogo, kisha wakajibu kwa kulamba mrija wa kushoto au wa kulia kulingana na mahali kijiti kilipokuwa. Panya hao walikuwa wametayarishwa kijenetiki ili mwanga ukimulikwa juu ya sehemu fulani ya gamba, seli zinazotuliza nyingine ziwashwe na sehemu hiyo inyamaze. Watafiti walipolinyamazisha eneo la hisia wakati wa kugusa, panya walikosea. Walipolinyamazisha wakati wa kungojea, madhara yalikuwa madogo. Kwa eneo la mbele la mwendo mambo yalikuwa kinyume: lilihitajika hasa katika muda wa kungojea na wa kujibu. Mguso ulikuwa umekabidhiwa kutoka nyuma kwenda mbele, na ukawa nia ya kutenda.

La pili ni la Japani, katika taasisi ya RIKEN, mwaka 2015, na halihusu sharubu bali wayo wa nyuma wa panya mdogo. Wayo ulipoguswa, eneo la hisia liliitikia, likapeleka habari kwenye eneo la mwendo lililo mbele, na eneo hilo likairudisha ishara kwenye eneo la hisia, hivyo kwamba seli zile zile ziliitikia kwa wimbi la pili. Watafiti walipolikata wimbi hilo la kurudi na kuliacha la kwanza, panya walishindwa kutofautisha vizuri sakafu laini na sakafu yenye mikwaruzo. Ishara ilikuwa imefika mahali pake, sawasawa na mchoro wa kitabu chako, na bado haikutosha.

La tatu ndilo linalonifanya niwe mwangalifu. Mwaka 2018 kundi la Randy Bruno katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, liliondoa kabisa eneo la mapipa kwa panya waliokwisha kufunzwa kutambua kitu kwa sharubu. Mara baada ya hapo panya walishindwa, kama ungetarajia, lakini baada ya siku chache za mazoezi walirudia uwezo wao. Kugundua tu kwamba kitu kipo hufanywa pia na sehemu za chini ya gamba. Tofauti iko katika ugumu wa kazi, kwa maana tangu mwaka 1986 ilikwisha kuonyeshwa kwamba panya walioondolewa eneo hilo hawakuweza tena kutumia sharubu kupima pengo la kuruka. Kwa maoni yangu, mtu anayezima sehemu ya ubongo leo na kuona panya ameshindwa kesho hana ruhusa ya kusema kwamba kazi ile "hukaa" katika sehemu ile. Amejifunza tu kwamba ubongo mzima ulikuwa umezoea kuitegemea.

Zipo sehemu nyingine ambazo nazitaja kwa ufupi. Kwenye paa la ubongo wa kati pana eneo linalogeuza kichwa kuelekea kilichogusa. Serebelamu, ule ubongo wa kisogoni, hupokea habari za sharubu pia, lakini ramani yake imevunjika vipande, ambapo kipande cha mdomo hupakana na cha mguu bila kufuata mpangilio wa mwili. Viini vya ndani vinavyohusika na mazoea na malipo hupokea nyuzi kutoka eneo la mapipa, na humo panya hujifunza mguso upi unastahili kufuatwa.

Ukirudi darasani, mwombe mwalimu wako akuruhusu kuchora mishale inayorudi. Anza na ule wa gamba kwenda thalamasi.

*Mwalimu, mimi huwaongoza wageni kutoka hapa mjini kwenda Tsavo. Mgeni mmoja aliniambia kwamba fuko wale wasio na manyoya hutumia meno kuhisi. Je, ni kweli? — Kiongozi wa watalii, Nyali*

Ni kweli, kaka, na mgeni wako anajua mambo. Fuko huyo ni mnyama wa jamii ya wagugunaji kama panya, anaishi chini ya ardhi katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, na haoni karibu chochote. Mwaka 2002 Kenneth Catania na Michael Remple waligundua kwamba karibu theluthi moja ya eneo kuu la mguso katika gamba lake hushughulikia meno ya mbele. Kwa panya wa mjini nafasi kubwa imechukuliwa na sharubu, kwa binadamu ni midomo na mikono, na kwa fuko ni meno anayochimbia na kubebea vitu. Mwilini mwake mmesalia vinywele vichache vilivyosimama mbalimbali. Ukigusa kimoja, hugeuza pua yake mpaka pale pale palipoguswa.

Ramani hizo hutegemea mwili wenyewe. Mwaka 1973 Van der Loos na Woolsey walionyesha kwamba vifuko vya sharubu vikiharibiwa kwa panya aliyezaliwa karibuni, mapipa yake hayajengeki sawasawa, ilhali kwa panya aliyekwisha kukomaa mpangilio huo hauvunjiki hivyo.

*Shikamoo Mwalimu. Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana. Nikimwekea kitu kwenye kiganja cha kushoto akiwa amefumba macho anasema, "Kuna kitu," lakini hawezi kujua kama ni ufunguo au sarafu. Nilisoma kuhusu panya wako nikajiuliza kama kuna uhusiano. — Binti, Likoni*

Marahaba, binti yangu. Mwenyezi Mungu amjalie baba nafuu. Uhusiano upo, ingawa ni lazima niuseme kwa uangalifu, kwa kuwa panya mdogo ana seli za neva takriban milioni 70 katika ubongo wake na binadamu ana takriban bilioni 86, na sisi hatuna sharubu.

Uliyoyaeleza yanafanana na tofauti tuliyoiona kwa panya: kugundua kwamba kitu kipo ni kazi moja, kukitambua ni kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Ili baba atambue ufunguo, vidole vyake sharti viuzungushe, ubongo ufuatilie kila kidole kilipo, miguso ya sekunde kadhaa iunganishwe kuwa umbo moja, na umbo hilo lilinganishwe na funguo alizowahi kuzishika. Kiharusi kinaweza kuacha njia ya kupandisha mguso ikiwa bado inafanya kazi, na wakati huo huo kikakata mawasiliano baina ya maeneo ya gamba yanayoshirikiana katika kazi hiyo. Ndiyo maana anasema kuna kitu, na anasema kweli. Tafadhali watu wa nyumbani wasimwambie kwamba hajitahidi.

Mweleze mtaalamu wake wa tiba ya viungo jambo hili hasa, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, kwa sababu mara nyingi kinachopimwa ni nguvu za mkono na mguso mwepesi tu, na upungufu wa kutambua vitu ukapita bila kuonekana. Yapo mazoezi ambayo mgonjwa hupapasa vitu vya maumbo na miparuzo tofauti akiwa amefumba macho, kisha akafumbua na kukagua jibu lake, kisha akarudia. Muhimu ni kwamba mkono wake mwenyewe ndio usogee juu ya kitu, au usaidiwe kusogea, badala ya kitu kusuguliwa juu ya mkono uliotulia. Nafuu haina uhakika na hutofautiana sana baina ya mgonjwa na mgonjwa. Mtaalamu aliyemwona ndiye atakayejua aanzie wapi.

Wakati huo mkono wa kushoto usiaminiwe penye moto. Maji ya kuoga ayajaribu kwa mkono wa kulia, sufuria na kikombe cha chai avishike kwa mkono huo huo, na kila jioni mkague kiganja cha kushoto na vidole vyake kama vina michubuko au malengelenge ambayo hakuyahisi.